Matundu Niliyoyaziba

Jumanne, 14 Mei 1996

Ukuta wetu wa bahari umepasuka. Fundi aliyeujenga ni Salim, mwanangu, hana mfano Mji wa Kale mzima, na kila mtu nimemwambia.

Aliacha matundu chini, maji ya mvua yapate pa kutokea. Mimi nikaona yanatutia aibu. Harusi ya dadake ilipokaribia, nikayaziba kwa saruji, kisirisiri. Masika haya maji yamejaa nyuma ya ukuta, yakausukuma.

Leo jirani yangu Bi Zuhura akacheka: “Ndiye fundi wako huyo? Basi ukuta wangu simpi.”

Salim alikuwa ameinama, kidole juu ya saruji yangu. Akaniangalia.

“Kosa langu, Bi Zuhura,” akasema.

Nami, niliyemsifu mpaka Makadara, nikanyamaza.