Ushahidi Nilioukataa

Kwa jina la Mungu, azijuaye siri zote za mioyo, nakusalimu, mjukuu wangu Nyangeta. Hapa Bunda tu wazima. Bibi yako amemaliza kuchuma pamba, na goti lake halimsumbui tena.

Umeuliza kwa nini marehemu mbunge wetu akisifiwa mimi hunyamaza. Nilimwonea wivu. Tulisoma pamoja seminari ndogo, nami ndiye niliyekuwa nikimshinda darasani, lakini yeye akawa mbunge, mimi nikawa katekista tu.

Miaka ya Ujamaa, kampuni ya mabasi iliyobeba barua zetu iliwapa maofisa wa serikali barua hizo wazifungue. Ukaletwa bungeni muswada kwamba kampuni za namna hiyo zisishtakiwe. Mbunge akaupinga, akaja kwangu kutafuta shahidi, kwa kuwa barua yangu ya uchumba ilimfikia bibi yako kule Butiama ikiwa imefunguliwa.

"Katekista, niandikie hayo tu, nikayasome bungeni."

"Ili upigiwe makofi?"

Akacheka kidogo. "Basi njoo upigiwe wewe."

Nikakataa. Akaenda kwa bibi yako, naye akaandika kurasa mbili na kutia sahihi. Muswada ulipita hata hivyo, lakini maneno ya binti wa Butiama yalisomwa mbele ya wabunge wote.

Nilipomuuliza kwa nini aliandika, alinijibu, "Barua ile ilikuwa yangu pia."

Siku hiyo wivu wangu ulizidi, kwa maana mwenzangu aliuona ujasiri wa mchumba wangu kabla sijauona mimi.

Mungu akubariki, mjukuu wangu, na amani yake ikae na wote walio nyumbani mwako.

Babu yako