Baiskeli ya Kwenda kwa Mama

4 Februari

Kwako binti yangu, kitindamimba,

Salamu nyingi. Natumai u mzima na kazi inakwenda. Mimi sijambo, isipokuwa masikio, na hayo umeshayazoea. Ndiyo maana sisi tunaandikiana wakati wenzetu wanapigiana simu. Mama yako naye hajambo mwilini. Habari za kichwa nitakueleza.

Kwanza, mzigo umefika. Watu wawili waliushusha mlangoni, wakataka sahihi, wakaondoka kabla sijawauliza ni kitu gani. Nilipofungua boksi nikakaa chini. Baiskeli ya umeme, kwa mtu wa miaka sabini na mbili. Jirani yetu mshonaji alisimama dirishani kwake akacheka mpaka akajichoma kidole na sindano, na mimi nikasema safi kabisa, endelea kucheka.

Nimeiunga mwenyewe kwa kufuata picha. Imenichukua siku mbili. Mtu aliyetengeneza saa za mkono miaka arobaini na moja hashindwi na gurudumu, ila spana zao ni kubwa mno, nilijiona kama nafunga daraja.

Sasa mama yako. Tangu walipofuta basi la mchana nimekuwa nikipanda kule kilimani, kwenye makao anakotunzwa, kwa miguu, kilomita kumi na moja, mara moja kwa wiki, na kesho yake sifai kwa lolote. Muuguzi wake aliniambia wazi bila kunizungusha: kwa ugonjwa huu wa kusahau, anayeonekana kila siku ndiye anayebaki, na wa mara moja kwa wiki anafutika. Jumapili iliyopita mama yako aliniangalia muda mrefu kabla hajaniita. Nilisimama mlangoni pa chumba chake kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Alinikumbuka, lakini kwa taabu.

Kwa hiyo umenitumia kitu nilichokihitaji kuliko dawa, na sikutaka kukuomba. Asante, mama.

Baba yako


27 Februari

Shikamoo Baba,

Habari za hapo? Mimi mzima. Baridi imepungua huku, na mikono imeanza kupona michubuko ya ile sabuni ya kazini. Bado nipo kiwanda kilekile cha kufulia mashuka ya mahoteli, zamu ya asubuhi. Msalimie mshonaji, mwambie pole ya kidole.

Niliposoma kwamba umeiunga mwenyewe nilicheka, kisha nikaogopa. Baba, nakujua. Kitu kikiingia nyumbani wewe lazima ukifungue tumbo. Redio, pasi, hata mashine ya mama ya kukaushia nywele. Hii usiifungue, tafadhali.

Betri usiiache iishe kabisa. Ikibaki alama moja, ichaji. Na ikitokea huendeshi kwa muda, usiiweke tupu, maana inakufa moja kwa moja na haina dawa. Usiichajie juani wala karibu na jiko. Mota haipendi maji, kwa hiyo usiimwagie ndoo kama unavyoosha ngazi, kitambaa chenye unyevunyevu kinatosha. Upepo wa matairi uuangalie kila wiki. Ukianza kilima weka nguvu namba tatu, na bado ukanyage pedali, usikae tu kama bwana harusi.

Humu kwenye boksi kuna kioo cha pembeni, kwa sababu husikii magari yanayokuja nyuma yako na hilo linaninyima usingizi. Kuna taa ya nyuma. Kuna fulana ya kung'aa. Najua utasema ni ya mfagia barabara. Ivae.

Mama ananiulizia? Sema kweli.

Mwanao


20 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mikono inapona. Ipake mafuta kila siku, usingoje ipasuke. Huku tuko salama, na safari hii siyo salamu tu.

Nimekwenda kwa mama yako siku kumi na tano mfululizo. Maagizo yako nimeyabandika juu ya meza yangu ya kazi, na mshonaji kila akiingia anayasoma kwa sauti kama mwalimu mkuu. Kioo nimekifunga, kinanifaa sana, ingawa muda mwingi kinanionyesha sikio langu. Fulana naivaa. Mfagia barabara wa kweli tulipishana juzi akanipigia saluti.

Nami nimeongeza ya kwangu. Mbele nimefunga kikapu cha waya cha kubebea chupa ya chai na nguo safi za mama yako. Nyuma, juu ya keria, nimetengeneza kiti chenye kiegemeo na mahali pa kuweka miguu, na mshonaji ameshona mto wa kukalia. Hicho ni cha mama yako. Muuguzi mkuu amesema mwezi huu ukiisha vizuri ataniruhusu nimlete nyumbani mchana mmoja, aketi kwenye kiti chake, aone vitu vyake, halafu nimrudishe. Nimeshaijaribu njia nikiwa nimefunga mfuko wa mchanga kwenye kile kiti. Betri inakwenda na kurudi, zinabaki alama mbili.

Umeuliza kama anakuulizia. Anakuulizia. Nikimwambia uko mbali anasema ujifunike. Na mimi sasa ananijua hapohapo, hata kabla sijavua kofia. Juzi alinigombeza kwa kuchelewa dakika kumi, mbele ya wauguzi wote, na nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya harusi, maana siku ya harusi viatu vilinibana.

Jambo moja tu. Breki zimeanza kulia. Mimi sizisikii, lakini mlinzi wa getini anasema zinapiga kelele kama mbuzi anayeburutwa, na wagonjwa wanashtuka. Nimeona aibu. Zile sahani mbili za chuma zinazozunguka na magurudumu, zile zinazobanwa ukivuta breki, zimekauka kabisa, hazina hata tone. Kesho asubuhi nitazipaka mafuta ya saa, yale mazuri niliyoyaweka. Katika kazi yangu yote sijakutana na chuma kinacholia ambacho mafuta hayakukituliza.

Baba yako


9 Aprili

Baba, shikamoo.

Barua yako imefika leo. Usipake mafuta kwenye breki. Kama umeshapaka usiipande, hata kwenda dukani. Zile sahani zinatakiwa ziwe kavu, ule ukavu ndio unaoshika gurudumu. Zikilia ni vumbi, zinafutwa kwa spiriti basi.

Nimempigia mshonaji mara sita, simu imezimwa. Nimepiga kule kwa mama. Aliyepokea akasema anaandika ujumbe, lakini aliniuliza jina la mgonjwa mara tatu na sidhani kama aliandika chochote. Barua hii naituma kwa njia ya haraka. Nijibu hata neno moja.

Mwanao


30 Mei

Binti yangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima. Mimi niko hai, naanza na hilo ili haya mengine uyasome taratibu.

Barua yako ya haraka ilinikuta hospitali. Mafuta nilikuwa nimeyapaka tarehe ishirini na moja, kama nilivyokuandikia. Kupanda kilima hakukuwa na shida, mtu anayepanda hahitaji breki. Nilikaa na mama yako mpaka saa kumi, nikamchana nywele, akalalamika kama kawaida yake. Wakati wa kushuka nikavuta breki ya mbele, ikawa kama navuta uzi. Ya nyuma hivyo hivyo. Niliburuta viatu chini mpaka soli moja ikatoka. Kwenye kona kulikuwa na lori linapanda, nikachagua mtaro. Nyonga ilivunjika, na mkono wa kulia pia, ndiyo sababu hukupata hata mstari. Wameniwekea vyuma. Nimelala wiki kumi, na kalamu nimeishika juzi.

Usimlaumu mshonaji. Nilimkataza asikuambie, na kwa kuwa hajui kudanganya akaona heri azime simu.

Nyonga siijali, mwanangu. Ninachokijali ni hizi siku zinazopita. Tangu ile siku hakuna aliyekaa na mama yako. Mshonaji alikwenda mara moja kwa gari la kukodi, mama yako akamwambia hapokei wageni. Nikampelekea muuguzi ujumbe amweleze kwamba nimeanguka, nitakuja. Alimweleza. Kesho yake ikabidi amweleze tena, na keshokutwa tena, na kila mara mama yako alilia kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Mwishowe muuguzi akaacha kumwambia, na siwezi kumlaumu.

Nilikuwa na siku kumi na sita za kumrudisha, na nikaziharibu kwa mikono yangu mwenyewe, kwa kijichupa cha mafuta. Nakaa hapa kitandani namkasirikia mzee mmoja mjuaji, na mzee mwenyewe ni mimi.

Baba yako


14 Juni

Shikamoo Baba,

Pole. Sijui niandike nini zaidi ya pole. Niliisoma barua yako ndani ya chumba cha kukaushia mashuka kwa sababu ni mahali pekee mtu akilia anaonekana anatokwa jasho.

Usijikasirikie. Nilikuandikia kuhusu betri, maji, kioo, hata fulana, na kuhusu breki sikuandika neno. Ningeweza kuandika mstari mmoja. Nimeirudia barua ile kichwani mara nyingi na kila mara mstari ule haumo.

Nilikwenda kuomba ruhusa ya kuja. Karatasi zangu za kuishi huku ziko ofisini zinafanyiwa upya, na nikitoka sasa sitaruhusiwa kurudi. Mama mmoja pale dirishani alinisikiliza mpaka mwisho, akanielewa kabisa, akasema hapana. Na nikikosa kazi hii inayomlipia mama, kule kilimani hawatamweka.

Nakutumia sahani mpya za breki na pedi zake. Za zamani uzitupe, mafuta yakishaingia hayatoki. Lakini usipande mwenyewe, Baba. Mtafute mtu mwenye gari lolote linalokwenda kule, umwone mama hata kwa robo saa. Na betri vipi, kuna aliyeichaji siku zote hizi? Kama haifai nitatafuta nyingine, utaniambia.

Mwanao


18 Julai

Kwa binti yangu,

Salamu. Natumai u mzima, na karatasi zako zimekwenda vizuri. Mimi natembea, mwanzo kwa magongo mawili na sasa kwa fimbo. Sahani na pedi zimefika. Mshonaji ameziweka kabatini.

Betri imekufa. Walipoinyanyua mtaroni ilikuwa karibu tupu, na hakuna aliyekumbuka kuichaji, kila mtu alikuwa anahangaika na mimi. Fundi baiskeli wa sokoni ameijaribu siku nzima na haipokei chochote. Nyingine usitume. Nitakueleza kwa nini, na naomba usinibishie.

Jumanne nilipata gari linalopeleka mitungi ya hewa kule kilimani kwa mama yako. Dereva alininyanyua akaniweka kiti cha mbele. Nilikuwa nimenyoa, nimevaa shati la bluu ambalo mama yako alilipenda. Nikamkuta amekaa kwenye benchi la ukumbini, amekonda, nywele hazijachanwa. Nikamsalimia. Akaitikia vizuri, kwa adabu, kama anavyomwitikia mtu wa kuleta bili ya maji.

Nikakaa karibu naye, upande wa sikio langu lililo hai. Nikamwuliza anaendeleaje. Akasema anamngoja mumewe.

Nikamwambia, "Ni mimi, mama watoto."

Akaniangalia, kisha akaiangalia fimbo. "Mume wangu hana fimbo," akasema. "Mume wangu anaendesha baiskeli. Alikuwa anakuja kila siku, uliza hawa. Halafu siku moja akasema kesho, na hakuja tena."

Nikamwambia huyo mume alianguka na baiskeli, akavunjika.

"Nani anaanguka miezi yote hiyo?" akasema. "Sema tu amenichoka. Mimi siyo mtoto. Mtu anakuja, anakuona unavyosahau, anachoka, anaacha. Kama amekutuma uje kunipoza, rudi umwambie nimeelewa."

Nikamshika mkono. Nilimwambia jina lake, jina langu, mtaa wetu wa kwanza, siku uliyozaliwa wewe na mvua iliyonyesha. Akaogopa. Akauliza mambo yake nimeyajuaje, akajivuta mpaka mwisho wa benchi, akamwita muuguzi anitoe. Nikanyanyuka mwenyewe. Kunyanyuka kwenyewe kulinichukua muda, na muda wote huo alikuwa akiuangalia mlango nyuma yangu.

Muuguzi alinisindikiza mpaka kwenye gari. Nilimwuliza kama nikija kila siku kumbukumbu itarudi. Alisema mtu akishavuka hapo huwa harudi, na nikiendelea kuja nitamtisha. Hakuwa na haja ya kusema hivyo, lakini nilimwuliza na akanijibu.

Kwa hiyo siendi tena. Baiskeli ataichukua fundi wa sokoni, akapate vipuri.

Lipo jambo moja nakuomba. Mwandikie mama yako, kwa herufi kubwa, muuguzi atamsomea. Usimweleze habari ya breki wala nyonga. Mwambie tu mumewe hajamchoka. Akiisahau, mwandikie tena.

Baba yako