Shangazi, Joto la Mama Si Homa

Shangazi Zaina,

Tangu risasi zikukute barabara ya Buterere ukirudi na mchele, tukakuzika, nyumba yetu ya Buyenzi haina mtu wa kucheka. Nimeacha shule. Rafiki zangu wamekimbilia Uvira. Mambo ya mwili tuliongea wewe na mimi tu. Mama haongei na binti yake mambo hayo. Hiyo ilikuwa kazi yako.

Mama alianza kuugua bila homa. Anapika, ghafla kifua kinawaka, jasho linamtiririka, kisha anatetemeka. Usingizi ulimkimbia. Damu ya mwezi ilikata. Majirani wakanong'ona kwamba ni SIDA, yaani UKIMWI, naye akaamini. Dispansari alikataa kwenda. Akaanza kugawa vitenge vyake, na siku moja nikamsikia nyuma ya pazia akimwomba Mama Asha wa jirani anichukue mimi, yeye Mama akishakufa.

Ndipo nikakumbuka ile Ramadhani uliyofunga mwezi mzima, bila damu kukukatiza. Wenzako walishangaa, nawe ukajipepea na sahani: "Mi siko na siku za kulipa tena. Mwili umefunga duka. Hii joto itapita, muniletee maji."

Unajua hata kusalimia watu naogopa. Lakini nilijifunga kitenge chako, nikaketi kwenye mkeka pale pako, nikamwita Mama kama ulivyomwita wewe: "Wifi, sikiliza." Alinitazama. Akacheka, halafu akalia. Nikamweleza kwamba nawe ulipitia hayo hayo.

Tulienda dispansari. Muuguzi alimpima, ule ugonjwa hana. Ni umri, alisema, na joto linaweza kumrudia miaka kadhaa. Ila damu ikirudi baada ya kukata mwaka mzima, aje haraka. Sasa Mama anajifunika shuka jepesi la pamba, chai ya moto na pilipili amepunguza, samaki wadogo wa ndagala anakula kwa ajili ya mifupa. Joto likija, nampepea kwa sahani yako, simwulizi kitu.

Ramadhani imeanza tena. Jana Mama aliniuliza, macho chini, kama nawe ulikuwa ukilia bila sababu. Hilo hukuniambia, Shangazi. Nilimjibu ndiyo.

Siku mwili wangu utakapofunga duka, sijui nani ataketi mbele yangu. Nakukosa sana.

Pumzika. Mkeka wako nitaukalia mimi, Mama apate wa kuongea naye.

Mwanao,
Hadija