Maneno Manne kwenye Karatasi ya Buluu

Kwako kaka yangu,

Pokea salamu zangu, za mama, na za mtaa mzima, maana hazipiti siku mbili bila muuza mkaa kuuliza lini yule mpiga mluzi atarudi. Natumaini unaisoma hii ukiwa mzima, wifi yangu mzima, na yale meno mawili ya binti yenu yameshapata wenzake. Sisi huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na goti la kushoto, lakini ukimwuliza atakwambia goti ndilo linalosumbuliwa naye. Mimi bado napamba kumbi za harusi. Jumamosi iliyopita nilifunga vitambaa kwenye viti mia tatu, na bibi arusi alipoingia akasema rangi siyo aliyoitaka. Nilicheka mbele yake, nikaenda kulia chooni, kisha nikafungua viti mia tatu.

Utashangaa barua hii ni nene. Kuna jambo nataka kukwambia, na nikiliandika hapa juu naogopa utaikunja karatasi usifike mwisho. Linahusu siku uliyofukuzwa nyumbani, na kwa sababu hiyo linahusu pia kama utakanyaga tena hapa au la. Nivumilie, Chiriku wako leo anaongea kwa shida.

Wiki iliyopita mama aliteremsha lile boksi la mapambo kutoka juu ya kabati. Miaka kumi na mmoja halijaguswa. Mimi ninayepamba kumbi za watu, kwetu sikukuu zote hizo zimepita kuta zikiwa tupu, mganga hajigangi. Ndani mlikuwa na mkasi, uzi, kopo la pini na rula ya chuma ya baba. Mama alikaa kitandani akaishika ile rula, akasema kama angejua asingeweka ile sheria yake. Lakini sheria haikuwa na kosa.

Nikukumbushe ilivyokuwa, ingawa najua hujasahau. Baba alikuwa akituletea mapande ya karatasi za rangi yaliyobaki kiwandani kwao, pale walipokuwa wakichapa vitabu. Tuliyakata vipande virefu, tukavikunja pete moja ndani ya nyingine hadi upatikane mnyororo wa kuzunguka sebule. Kila mtu na rangi yake. Mama kijani, baba manjano, wewe buluu, mimi nyekundu. Kazi ya kuchekesha ingekuwa hiyo, lau baba asingekuwa msoma prufu. Mtu anayelipwa kutafuta makosa ya wengine kutwa nzima hawezi kuyaacha kazini. Unakumbuka alivyoirudisha kadi ya mwaliko ya jirani ikiwa na alama saba za kalamu nyekundu, na bado akashangaa kwa nini harusini tulikalishwa nyuma kabisa. Basi na mnyororo nao ulipimwa kwa rula. Ukining'inia zaidi upande mmoja ulishushwa wote, na mama akisema kwamba nyumba si ukurasa, hapo ugomvi unaanza, na mpaka jioni masufuria ndiyo yanayozungumza.

Ndipo mama akaweka sheria. Siku ya kupamba, hakuna kurushiana maneno. Mwenye neno chungu aliandike kwenye upande mweupe wa kipande chake, akikunje maandishi yakiwa ndani, akigandishe kwa gundi, na limekwisha. Sikukuu ikipita mnyororo unachomwa bila kufunguliwa. Mwenyewe aliita kulitia neno gundi. Nakwambia ile sheria ilifanya kazi. Miaka mitatu hivi tulipamba kwa amani, kila mtu ameinama na kalamu yake, na mama akizidi kuandika kuliko sote.

Mwaka ule kiwanda kilimpeleka baba tawi la mji mwingine kwa miezi mitatu. Tuseme ukweli, kaka, ile miezi ilikuwa mizuri. Redio iliimba kwa sauti aliyoitaka mama mwenyewe. Wewe ulipiga mluzi ukiosha vyombo, na hakuna aliyekwambia kwamba mluzi si wa ndani. Tukaanza kupamba bila kumsubiri, na mnyororo ulipinda kama mlevi, na tukaupenda hivyo hivyo. Siku mbili kabla ya sikukuu akarudi. Hata mkoba hakuuweka chini. Alitazama ukuta, akasema tumeharibu, akaushusha wote, akatuambia tuanze upya.

Tukaanza upya. Tuliandika kweli siku ile.

Alasiri alipanda kwenye kiti mwenyewe kuuning'iniza, na uso wake ukakutana na pete moja ya buluu iliyokunjwa vibaya, maandishi yakiwa nje. Aliyasoma kwa sauti. Yalikuwa maneno manne: Afadhali baba asinge rudi.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi, maana kilikupata wewe. Aliuliza nani, lakini alikuwa ameshakutazama, kwani buluu ilikuwa yako. Ulisema si wewe. Akasema mwanamume hukiri. Ukasema tena si wewe, kisha ukanitazama mara moja tu, na baada ya hapo hukusema kitu. Akasema kama kurudi kwake kunakukera, nyumba haiwezi kuwabeba wote wawili, na yeye ndiye aliyeijenga. Mama alishika mlango asikuruhusu kupita, ukamwondoa mkono taratibu kidole kimoja kimoja. Ulikuwa na miaka kumi na minane. Ulikwenda kwa mjomba, kisha ukaenda mbali zaidi, na tangu siku hiyo unaniandikia mimi, unamsalimia mama, na baba humtaji.

Sasa nikupe habari za baba, uzipokee upendavyo. Alistaafu mapema kuliko alivyotaka. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, na daktari amesema moja linaweza kupasuliwa na jingine limechelewa. Msoma prufu hasomi tena. Asubuhi anakaa dirishani na gazeti mkononi kwa mazoea tu, na juzi nilimkuta amelishika juu chini. Nililigeuza. Akacheka, akasema hata hivyo habari zao ni zile zile.

Mwezi uliopita aliniita akaniomba nimsomee barua zako. Sikujua kama anajua ninapoziweka. Alijua. Nikamsomea kuanzia ya kwanza, kila siku baada ya chai barua nne au tano. Alisikiliza habari za karakana yenu ya useremala, za ile meza uliyoitengeneza ikakataa kutoka mlangoni, akacheka mpaka akakohoa. Aliniomba nisome mara mbili pale mlipompata mtoto, akauliza uzito wake. Mwisho wa kila barua wewe huandika msalimie mama. Mimi kwa kinywa changu nikawa napachika na baba. Nilifanya hivyo barua sita. Ya saba aliinua mkono, akaniambia kwa upole kwamba hayo mawili ya mwisho hayamo, mdundo wa sentensi unayakataa, na kwamba nimsomee kilichoandikwa.

Kaka, hapo ndipo niliposhindwa. Kuona mzee yule amekaa, anadai asalimiwe kama anavyostahili, yaani asisalimiwe kabisa, kwa neno ambalo hukuliandika wewe. Nikamwambia. Na sasa nakwambia wewe, ingawa ulipaswa kuwa wa kwanza. Yale maneno manne niliandika mimi.

Nilikuwa na miaka kumi. Nyekundu zangu zilikuwa zimekwisha, kwa sababu siku ile nilikuwa na maneno mengi na kila moja nililipa kipande chake. Nikachukua kimoja kwenye fungu lako ulipokwenda kuchota maji. Nyekundu zangu zilikuwa na rangi upande mmoja tu, huwezi kukosea, mweupe unakwenda ndani. Buluu yako ya mwaka ule ilikuwa na rangi pande zote mbili. Nikaandika, nikakunja haraka kwa sababu baba alikuwa anauliza kama gundi imekauka, na sikuona kwamba neno limebaki nje. Aliposoma juu ya kiti niliyatambua kabla hajamaliza. Nilitaka kusema. Wewe ukanitazama, na nikafikiri ukinitaja nitakubali. Hukunitaja. Mpaka leo sijui kama ulikuwa unajua. Kama ulijua, umenibeba miaka yote hii na mimi nikapanda mgongoni kwako nikalala. Kama hukujua, basi umekaa ukijiuliza ni nani kati ya watu wawili unaowapenda aliyekuuza, na sijui lipi kati ya hayo ni baya zaidi.

Kwa nini sikusema siku ya pili? Niliogopa. Na mwezi wa pili? Niliogopa kuulizwa kwa nini sikusema siku ya pili. Hivyo ndivyo miaka ilivyoliwa. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua, na mimi niliuficha mpaka nikawa mtu mzima mwenye mshahara na funguo za kumbi za watu.

Sasa sikia baba alivyonijibu, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sikupigwa wala sikufokewa. Alisema anajua. Nikadhani hakunisikia vizuri. Akarudia kwamba anajua tangu siku ya tatu baada ya wewe kuondoka. Siku ile juu ya kiti alisoma kwa hasira, na hasira haisomi prufu. Siku ya tatu aliiokota ile pete chini ya kabati, akaisoma kama anavyosoma kazini, akaona maneno manne mahali palipopaswa kuwa na matatu. Asingerudi ni neno moja. Mimi nililikata vipande viwili. Wewe, alisema, tangu darasa la tatu hukuwahi kukata kitenzi, alikufundisha mwenyewe akiwa amekupakata, na ndani ya nyumba ile aliyekuwa akikata vitenzi ni mmoja tu.

Alisema alivaa viatu siku ile ile aje kukuchukua kwa mjomba. Alifika kwenye kona ya muuza mkaa, akarudi. Alikuwa ametamka mbele ya mke na watoto, na aliona aibu kulimeza neno lake mchana kweupe. Akajiambia utarudi mwenyewe ukiishiwa nguo. Akajiambia pia kwamba ananingoja mimi niseme, ili apate njia ya kukuita, na kwamba ananyamaza ili kumlinda mtoto wa miaka kumi. Halafu akasema hilo la kunilinda ni uongo, niliondoe. Kilikuwa ni kiburi, na akataka nikwambie kwa jina lake, kiburi. Alipozisikia barua zako akajua kimemgharimu nini.

Basi tumekaa nyumba moja, tukinywa chai birika moja, kila mmoja akiwa na siri ile ile na kila mmoja akimngoja mwenzake. Mama aliposikia alitoka nje akafua nguo ambazo zilikuwa safi. Aliporudi alituambia sote wawili kwamba hatamlilia mtu yeyote kati yetu, machozi yake yalikwisha akikulilia wewe. Bado hasemi nami vizuri, na simlaumu.

Baba hakuombi urudi. Nilipoanza kuandika hivyo alinisimamisha. Anasema aliyefukuza haiti, anafuata. Anataka kuja kwako yeye, Jumamosi ya kwanza baada ya sikukuu, kwa basi la asubuhi, naye ameshapeleka viatu kwa fundi vikatiwe soli mpya. Amenikataza kukubembeleza kwa habari ya macho yake, na nimeshaiandika huko juu, basi utamwambia hukuisoma. Kama hutaki aje, andika neno moja tu nitamwambia. Usipojibu tutakuja.

Mimi sikuombi unisamehe kwa karatasi. Nitakuja naye kwa sababu haoni ngazi za basi, na lazima mtu amshike mkono. Nitamfikisha mpaka mlangoni kwako, nitabisha hodi kwa ajili yake, kisha nitarudi nyuma. Ukimwingiza yeye ukaniacha mimi nje, kaka, nitakaa nje.

Msalimie sana wifi, na umbusu binti yenu kwa niaba ya shangazi yake. Mama anasema mvae nguo nzito asubuhi, kana kwamba anajua hali ya hewa ya huko.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku