Watoto Kumi na Mmoja wa Muthara

Makutano, Meru

Mdogo wangu Ntinyari,

Pokea salamu zangu hapo Kianjokoma, wewe na mumeo Gachoki. Natumaini umepata nguvu tangu ujifungue, na mtoto ananyonya vizuri. Mimi mzima. Nakula, nalala, nafungua duka.

"Takwimu za kaunti ziko wazi kwenye mtandao, asiyezisoma asilalamike." Hayo aliyasema afisa mmoja, Mbogo, katika kikao cha maoni ya wananchi kule kwetu Muthara. Alikuja kueleza kwa nini nesi wa zahanati yetu ahamishwe: kwa mujibu wa jedwali lake, kijiji kina watoto kumi na mmoja tu walio chini ya miaka mitano. Unanijua. Nilisimama nikamwambia kwamba mlango ulio wazi haumfai asiyejua kilichomo ndani, na kwamba namba hiyo imepikwa ofisini. Rahema wa hoteli akamuuliza kama ni hao kumi na mmoja wanaommalizia mandazi kila asubuhi. Watu walicheka sana. Mbogo akajibu kwamba mandazi si ushahidi.

Basi nikaenda nyumba kwa nyumba kutafuta ushahidi, nikaanza kwa mama. Nilimuuliza alimwambia nini karani wa sensa. Alisema alimwambia watoto wapo, Mungu ni mwema. Alishangaa nilitaka aseme nini zaidi. Mtoto si mbuzi wa mnada, na anayehesabu watoto anakiita kifo kije kumsaidia kuhesabu. Nyumba ya pili jibu lilikuwa hilohilo, na ya tatu pia. Karani mwenyewe ni binti wa palepale. Hakuweza kuwabana mama zake. Aliandika mmoja, au akaacha wazi.

Hakuna aliyepika namba. Tuliificha sisi.

Lakini Mbogo naye asipumue. Nilirudi kwenye mtandao huohuo nikakuta jedwali la chanjo: zahanati hiyohiyo ilichanja watoto sitini na wanne mwaka jana. Majedwali mawili ya serikali moja, na hakuna aliyeyasoma pamoja. Yeye alisoma lile lililompunguzia kazi. Mimi nilisoma lile lililonipa ugomvi. Nilimpelekea yote mawili. Akajibu kwa adabu kwamba uhamisho ulikuwa umekwisha kutiwa saini.

Ntinyari, mama alikataza upigiwe simu, kwa kuwa ulikuwa umetoka kujifungua. Binti wa mdogo wetu Kananu alibanwa na kifua baada ya nesi kuondoka. Walikuta kufuli zahanati. Alifia njiani, wakimkimbiza hospitali. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Sikulia. Naitafuta ile hasira yangu, siipati.

Watu walipoondoka, mama aliniita mlangoni. Akawataja wajukuu wake kwa majina, mmoja mmoja, akikunja vidole, kisha akasema ni tisa. Sijawahi kumsikia akitamka idadi yao. Wako hakumtia, alisema kumhesabu huyo ni kazi ya mama yake.

Msalimie mama mkwe wako, na Gachoki umsomee barua hii. Kisha nawataka nyote wawili mfanye jambo moja: wiki hii mpelekeni mtoto akaandikishwe, na siku karani atakapobisha hodi hapo Kianjokoma, msimwambie watoto wapo. Mwambieni wangapi.

Kaka yako,
Riungu