Namba ya Wifi

Cicero, 18 Machi 1990

Mpendwa dada Blanka,

Pokea salamu zangu. Natumaini baridi ya Iowa haijakusumbua magoti, na shemeji amepona kikohozi. Mimi ni mzima, ila nyumba imepwaya tangu Emil atangulie. Kofia yake ya kuokea bado iko nyuma ya mlango, siigusi.

Nadhani ulisikia kwamba tarakimu za mwanzo za simu zetu zimebadilishwa. Chicago wamebaki na 312, sisi wa vitongojini tumepewa 708, na mpaka unapita barabarani kwetu. Kwa hiyo duka la mikate la wifi Libuse, dada yake Emil, lililo ng'ambo, ni la Chicago bado. Langu limekuwa la shamba. Siku moja alinichungulia akaniambia, "Wifi, umehama hata kuaga hukuaga? Sasa kukupigia ni kama kumpigia babu kijijini." Nikacheka kwa meno tu.

Wateja wa mjini walipopiga namba yangu ya zamani walijibiwa na mtambo, wakakata tamaa. Namba ya dirishani aliichora Emil kwa mkono wake, sikuweza kuifuta. Kila asubuhi nilitazama watu wakitoka kwa Libuse na maboksi yao. Nilimwonea wivu, dada. Ana mume, ana wateja, na namba wamemwachia.

Sasa nikwambie nisilomwambia hata padri. Watu wa upande wetu wakitaka kumpata Libuse lazima waanze na 312, na wengi husahau. Nikaomba laini ya pili yenye tarakimu zake zilezile, chini ya 708. Haikuwa na mtu; nikapewa. Tangu Februari, wanaompigia kwa mazoea wananipata mimi. Naiga sauti yake ya puani, nasema jiko letu limeharibika, nendeni ng'ambo kwa wifi yangu Zdenka.

Jana alipiga Bibi Vondra. Nikamwambia hayohayo. Akacheka, akasema, "Libuse nawe huchoki? Tangu mazishi ya kaka yako unatufukuza twende kwa wifi yako. Januari ulisema unga umeisha. Si useme tu unamhurumia? Tutakwenda."

Hayo ya unga sikuyasema mimi, dada; ni Libuse mwenyewe.

Laini ile nitairudisha kesho. Libuse nitamwambia Jumapili baada ya misa, kabla ujasiri haujaniisha.

Msalimie shemeji na watoto. Ukisali, nikumbuke.

Mdogo wako,
Zdenka