Sifuri za Ningu

Jumanne, 6 Aprili 1954
Mvua tangu alfajiri. Nimepima samaki wa ningu ishirini na wanane kwenye ubao wa vipimo. Mikono inanuka. Nyumbani mama amenitengea kikombe changu peke yangu cha maziwa — eti mshika samaki hukausha maziwa ya ng'ombe! Basi. Kazi ni kazi.

Aliyenikera ni mzee Rwegasira. Amerudia mbele ya wavuvi wenzake kwamba ningu wanaotoka Mto Kagera kupanda kijito hiki wakati wa masika wamejaa mayai, na nyavu zikitegwa hapa watakwisha. Mzee mwongo! Miezi miwili ananiletea samaki waliokwisha kupasuliwa ili nitazame tumboni. Mayai yako wapi? Daftari litamjibu: sifuri kila mstari.

Alhamisi, 8 Aprili
Bwana Samaki, afisa wa uvuvi aliyeniajiri, kafurahi. Anasema ningu hawatagi huku, hakuna haja ya kufunga kijito. Jumatatu atatangaza barazani Nyakatuntu: nyavu ruksa mwaka mzima. Kanisifu mwandiko.

Jumamosi, 10 Aprili
Kalamu inatoboa karatasi kwa hasira.

Mvua ilinikamata kwa Rwegasira. Mkewe, Kokubanza, alikuwa anapika. Chunguni — mayai ya ningu! Chungu kizima! Nikauliza yametoka wapi. Akashangaa. Kwa samaki wako wa kila siku, akasema.

"Mgeni hapewi samaki na matumbo yake, mwanangu. Ni kumtukana."

Kumbe ni heshima! Na mimi, mtoto wa watu wa ng'ombe, nisiyejua ndani ya samaki kuna nini, nikadhani wananirahisishia kazi. Nimemfokea mama wa watu jikoni kwake. Pumbavu mimi. Miezi miwili, sikuuliza hata mara moja.

Jumapili, 11 Aprili
Baada ya misa nimekwenda kambini kwa Bwana Samaki. Ripoti imeshakwenda Bukoba. Nikamwambia sifuri zote ni za uongo, tupime upya. Hakuinua macho.

"Umeandika wewe," akasema.

Mbwa! Lakini ni kweli.

Jumatatu, 12 Aprili
Barazani. Naandika nimesimama nyuma. Nyavu mpya zimerundikwa ukutani, watu wanazipapasa. Bwana anataka hesabu niisome mimi, kwa Kinyambo, ili waamini. Rwegasira kaketi mbele kabisa. Kanitolea tabasamu — mkewe kamweleza ya chunguni, anadhani nimekuja na mayai yake.

Ukurasa wa kwanza sifuri. Wa pili sifuri. Nikisoma, kijito kimekwisha. Nisiposoma, kazi imekwisha.

Nimeitwa. Bwana ananyoosha mkono niende mbele. Nimeitwa mara ya pili.